Sauti Chini ya Gitaa

Mnisamehe kwanza. Mie sijazoea kusimama mbele ya watu bila gitaa kifuani, na hii mikono hapa haijui pa kukaa. Waislamu wenzangu, assalaam alaykum. Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wangu wa mstari wa mbele, shikamooni. Mama mwenyekiti ameniambia nisizidishe nusu saa. Mama, mie nimetoka kwenye bendi za dansi, nusu saa ni wimbo mmoja, lakini nitajitahidi.

Wiki iliyopita ndugu yetu mmoja alisimama hapa akatueleza pombe ilivyommaliza. Nilirudi nyumbani nawaza, mie nitawaambia nini? Maana sikuwa mlevi. Ulevi wangu mie ulikuwa kununa. Msicheke. Mlevi anakunywa, analala, kesho anaamka na akili zake. Mnunaji haamki.

Sie wote wa kikundi hiki tunaokutana humu darasani ni watu wa kupunguzwa kazi, kwa hiyo nikisema shirika mnanielewa. Shirika letu lilikuwa na bendi. Kwenye karatasi nilikuwa karani wa bohari, ila bohari yenyewe niliiona mara mbili. Kazi yangu ilikuwa kupiga gitaa la solo. Gitaa la shirika, nyuzi za shirika, hata shati la kupandia jukwaani la shirika. Mazoezi yakiisha vyombo vinarudi stoo, ufunguo anao meneja. Ndivyo tulivyokuwaga wanamuziki wa Dar siku zile. Tulikuwa kama dereva wa gari la serikali: anaijua injini kuliko anavyomjua mkewe, lakini gari si lake.

Baa tuliyokuwa tunapiga Jumapili jioni haikuwa mbali na kwetu Mtoni. Watu walikuwa wanatoka Kinondoni kuja kutusikiliza. Lakini mama yangu, Mungu amrehemu, hakuja hata siku moja. Alikuwa mtu wa buibui na tasbihi, baa hakanyagi. Nilimwalika mara ya kwanza akacheka. Nilimwalika mara ya pili akanyamaza. Sikumwalika tena, nikaweka kinyongo. Nilijiambia, mtaa mzima unanisikia, aliyenizaa hataki. Akafariki, na kinyongo nikabaki nacho. Naomba mkikumbuke hicho, nitakirudia.

Basi, enzi ya ruksa ikaingia, biashara ikawa huria. Madukani vitu vikajaa, na mashirika yakaanza kufungwa moja moja. La kwetu lilipofika zamu yake, tuliitwa uwanjani tukasomewa majina. Baada ya hapo vyombo vya bendi vikapigwa mnada. Nilikwenda kuangalia, sijui kwa nini. Bwana mmoja mwenye hoteli Mbezi Beach akalichukua gitaa langu, akalilaza nyuma ya pikapu juu ya magodoro. Nilikuwa nimelipiga miaka tisa. Nikasimama pale nikagundua kwamba mie, mpiga gitaa maarufu, sina gitaa.

Nikahamia kwa dada yangu mkubwa, pale pale Mtoni, kwenye nyumba aliyoacha mama. Dada ni mjane, anakaanga vitumbua asubuhi na kuviuza kando ya barabara ya Kilwa. Akanipa chumba cha uani. Nikanuna humo mwaka mzima. Naamka, naoga, nanuna. Dada akiniambia, "Mdogo wangu, toka nje hata upigwe na jua," namjibu kwa mguno. Chakula nakula lakini.

Aliyenitoa chumbani ni fundi redio wa mtaa wetu. Simtaji jina, yeye mwenyewe hapendi, nitamwita Fundi. Alikuwa na kibanda kimejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Siku moja akaniita nisikilize kaseti aliyoachiwa na baharia mmoja. Nikasikiliza. Ndugu zangu, nawaambia, sikuwahi kusikia gitaa linapigwa vile. Kwetu kwenye dansi gitaa linatakiwa kuwa safi, kila noti unaihesabu. Huyu aliyekuwa kwenye kaseti gitaa lake linakwaruza, linalia, linapiga kelele, kisha linakaa kimya mpaka unadhani mtu kaondoka. Fundi akasema hii ndiyo roki. Nikamwambia hii ndiyo hasira yangu, wameipata wapi?

Hapo ndipo tulipopata wazimu wa kutengeneza albamu. Albamu ya roki, Mtoni, bila bendi, bila studio! Redioni usingerekodi kirahisi, na studio za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza, zinataka kinanda na nyimbo za harusi. Fundi akaokota gitaa kavu, lile lisilo la umeme, limepasuka mgongo, akaliunga kwa gundi, akafungua mkono wa simu ya zamani, akatoa kile kidude cha kusemea, akakibandika ndani ya gitaa. Waya akauunga kwenye redio ya mbao yenye spika iliyochanika. Nilipopiga uzi wa kwanza, kuku wa jirani walikimbia. Tukafurahi kama wendawazimu.

Kurekodi tulirekodi kwa redio-kaseti mbili. Kwanza tunarekodi mdundo: Fundi anagonga debe, mie nakwangua mbuzi ya nazi ya dada kwa kijiko. Halafu ile kaseti tunaipiga kwenye redio ya kwanza, huku napiga gitaa juu yake, na redio ya pili inachukua vyote. Umeme ukikatika tunatumia betri, na betri zikichoka tunazianika juani juu ya bati, mnajua wenyewe mambo ya kuanika betri. Zinaamka kidogo, lakini redio inakwenda kwa kujikokota, na sauti inakuwa nzito. Sie tukasema poa, hiyo pia ni roki.

Sasa nafika pale pabaya.

Kaseti zilikuwa zinatuishia. Dada alikuwa na kopo la biskuti limejaa kaseti: mawaidha, taarabu, nyingine hazina hata karatasi. Kwa ambaye hajawahi kuiangalia vizuri: kaseti kwa nyuma ina vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, hairekodi tena, kilichomo kimelindwa. Lakini mjanja wa Dar hashindwi. Unaziba vitundu kwa karatasi, inarekodi kama mpya. Sote tulikuwa tunafanya hivyo kwa kaseti za dukani tulizozichoka.

Nikachukua moja isiyo na maandishi. Vijino vimevunjwa. Nikachana kipande cha gazeti la kufungia vitumbua, nikaziba. Sikuiweka redioni nisikie kilichomo hata dakika moja. Mie, mwanamuziki, mtu ambaye kazi yake ni masikio.

Na siku hiyo nilipiga, jamani. Siku hiyo nilipiga yote niliyonyimwa: mnada, pikapu, meneja, mama. Katikati ya wimbo Fundi akanyoosha mkono nisimame, kwa sababu alipenda ule ukimya wa yule bwana wa kwenye kaseti ya baharia. Nikasimama, naye akauzima na mdundo. Tukaacha mvumo wa spika peke yake, kitambo, halafu nikaingia tena. Tulipomaliza tulikumbatiana. Fundi akasema huu ndio wimbo wa kwanza wa albamu. Kaseti nikairudisha kwenye kopo la dada, iwe salama.

Wiki haikuisha, binti wa dada akajifungua mtoto wa kike. Siku ya kumtoa mtoto nje ilipokaribia, dada akafungua kopo lake la biskuti. Nilikuwa uani nafua. Nikasikia gitaa langu linatoka chumbani kwake. Nikatabasamu, mjinga mie, nikadhani kaamua kusikiliza kazi yetu. Likapiga kidogo, likazimwa.

Dada akatoka ameishika ile kaseti. Hakupiga kelele. Akaniuliza, "Vijino nilivivunja mwenyewe kwa kisu. Hukuona kama vimevunjwa?"

Nikamwambia, "Niliona."

Akaniachia kaseti mkononi, akarudi ndani.

Ndugu zangu, kwenye kaseti ile alikuwamo mama. Mwaka mmoja kabla hajafariki, dada alimkalisha na redio akamwomba aimbe bembelezo la nyumba yetu. Kwetu kila mtoto akizaliwa anatungiwa ubeti wake, unaungwa kwenye ule wimbo, na wimbo unakua na ukoo. Bibi aliuanza, mama akauendeleza. Haujaandikwa popote. Dada alitaka aujue wote, aongeze ubeti wa mjukuu wake, amwimbie siku ya kutoka. Sauti ya mama ilikuwa pale tu, dunia nzima hakuna kwingine. Mie nikaiziba na karatasi ya vitumbua, nikaipigia gitaa juu yake.

Dada hakuninyima chakula. Alininyima neno. Sahani inawekwa mlangoni, imefunikwa vizuri, yeye ameshaondoka. Afadhali angenitukana. Siku ya mtoto kutoka waliimba nyimbo za watu wengine, na mie nilikaa kibandani kwa Fundi nimeziba masikio.

Nikamwachia Fundi gitaa, ile kaseti na kila kitu. Nikamwambia atoe kidude chake, albamu imekufa. Nikahamia Tabata kwa rafiki, nikapata kibarua cha kubeba zege kwenye majumba ya Mbezi Beach. Nilikaa huko karibu miezi minane. Hapo sikununa tena, nawaambia ukweli. Mtu ananuna akiwa amekosewa. Mie nilikuwa nimekosa, na kukosa hakuna raha hata ya kununia. Nilikuwa najaribu kukumbuka sauti ya mama nikiwa na karai kichwani, naipata maneno matatu, inapotea. Nililia mara nyingi kule, na jasho lilinisaidia kuficha.

Siku moja mchana Fundi akatokea pale kwenye kazi. Ametembea kuniuliza kwa watu tangu Tabata. Shati limelowa. Nikadhani kuna msiba. Akasema, "Yumo mtu chini ya gitaa lako."

Nikamwambia aache utani. Akanieleza: redio kabla ya kurekodi inafuta kwanza kilichomo. Siku ile tulitumia zile betri za kuanika. Hazikuwa na nguvu, kwa hiyo ufutaji haukuwa wa sawasawa. Mama hakufutika wote. Mahali gitaa linaponguruma humsikii, lakini pale nilipoambiwa nisimame, pale kwenye ukimya, yupo. Kwa mbali, lakini yupo. Sisemi ni muujiza. Fundi mwenyewe anasema ni betri mbovu. Kila mtu aite atakavyo.

Kazi ikabaki moja: kwenda kwa dada. Nyie mnaona rahisi. Mkubwa ukimkosea hivyo huendi mikono mitupu na huendi peke yako. Nilitaka kubeba kanga, Fundi akanikataza, akasema usije ukaonekana unamnunua mama yako kwa kanga. Tukaenda Mtoni asubuhi baada ya biashara ya vitumbua, redio kwapani. Dada alikuwa uani anaosha karai. Nikapiga magoti kabisa, mtu mzima mie. Nikamwambia, "Shikamoo dada. Sikuja kuomba unisamehe leo. Nimekuja kukuomba usikilize."

Akaitikia marahaba, nami nilikuwa na miezi minane sijaisikia. Akafuta mikono, akakaa kwenye ile mbuzi ya kukunia nazi. Fundi akabonyeza. Gitaa likaanza, nikatamani ardhi inimeze. Kwa mara ya kwanza nilisikia kelele zangu kama dada alivyozisikia. Halafu gitaa likasimama.

Mvumo. Na ndani ya mvumo, sauti ya mwanamke.

Dada akainama mpaka sikio likagusa spika. Ukimya ukaisha, gitaa likaingia. Akasema turudishe. Tukarudisha mara nne au tano. Machozi yalikuwa yanamtoka ila uso ulikuwa unatabasamu, sijui hata kama alijijua. Mwisho akaniangalia akasema, "Huyo ni wewe."

"Nani?"

"Mgonga kopo. Ubeti wako huo. Hujaanza hata kutembea, unagonga kopo la maziwa mpaka majirani wanakuja kulalamika."

Akaniimbia. Dada yangu ambaye hakuwahi kuimba nje ya jiko lake, akauimba pale uani mbele ya Fundi:

Lala, mgonga kopo, lala,
mtaa wote wakusikia;
ukiamka, gonga tena,
mama yupo, anasikia.

Nikamweleza kinyongo changu, sijui kilitokaje mdomoni: kwamba mama hakuwahi kuja kunisikia, hata Jumapili moja. Dada akashangaa. Akasema, "Aje wapi? Jumapili jioni upepo ukivumia huku, bendi yenu ilikuwa inafika mpaka hapa uani. Alikuwa anakaa hapa hapa anakuna nazi. Gitaa lako likianza ananiambia nizime redio."

Jamani nipeni maji kidogo.

Asanteni. Basi, ndugu zangu, albamu tuliianza upya, na safari hii dada ndiye aliyetoa amri. Amri yake ya kwanza: hakuna kaseti inayozibwa kabla hatujakaa wote watatu tukaisikiliza yote, mpaka mwisho, hata kama ni matangazo ya sabuni. Tulisikia mambo mengi ya ajabu, na mengine tukayaacha yaingie kwenye nyimbo. Amri ya pili: mbuzi ya nazi ataikwangua yeye, kwa sababu mie nilikuwa naikwangua kama mtu asiyewahi kupika. Kweli, mdundo ukabadilika. Siku nzima nilijifunza kupiga gitaa nyuma ya mwanamke anayekuna nazi, na ilinishinda kuliko dansi yote.

Nyimbo sita. Wa sita ni bembelezo. Ule ubeti wangu tuliuacha vile vile ulivyo kwenye mvumo, mama mwenyewe, na dada akaimba beti zilizobaki kadiri alivyozikumbuka. Sitawadanganya kwamba tulipata zote. Beti za watoto watatu wa ukoo wetu zimepotea moja kwa moja, na aliyezipoteza ni mie. Dada aliwafuata wenyewe, watu wazima sasa, akawatungia nyingine. Mmoja anasema mpya ni nzuri kuliko ya zamani. Wawili hawajasema hivyo, na wana haki.

Tulipeleka kaseti redioni. Bwana wa pale alikuwa mstaarabu, akaturudishia baada ya siku mbili akisema poleni, kaseti yenu imeharibika, ina kelele na kuna mahali haitoi sauti. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Tukatoa nakala wenyewe, moja moja, kibandani. Haikupigwa kwenye harusi yoyote ninayoijua. Lakini kinyozi mmoja wa Mtoni aliipenda akaichosha mpaka utepe ukakatika, akaja kutaka nyingine. Na siku ya mwisho ya kurekodi, ile kaseti mama ya albamu, ya kutolea nakala, ilipokuwa tayari, dada akaleta kisu, akanipa mie. Akasema, "Vunja wewe." Nikavivunja vile vijino kimoja kimoja.

Leo nipo kibandani na Fundi, tunarekodi watu. Bibi zenu, babu zenu, waleteni. Kabla sijabonyeza kitufe naisikiliza kwanza kaseti uliyoniletea, hata ukinuna.

Namshukuru dada yangu, yupo pale dirishani, hataki nimwonyeshe lakini nimeshamwonyesha. Namshukuru Fundi kwa miguu yake ya kutoka Mtoni mpaka Mbezi. Nawashukuru nyie mlionipokea hapa nikiwa na saruji kwenye kucha hamkuniuliza. Na kama mnataka fundisho, ninalo moja tu. Sie tulipopunguzwa, watu walituangalia kama vitu vitupu vya kujazwa upya, eti sahauni, anzeni moja. Nasi tukafanyiana hivyo hivyo majumbani. Ukikuta kitu kimevunjwa vijino, jua yupo aliyekipenda. Muulize. Sikiliza kilichomo, ndiyo uweke chako.

Sikuja na gitaa leo, nimekuja na redio hii, na betri ni mpya. Nitawawekea ule wimbo wa sita, halafu nakaa. Mkifika mahali gitaa linanyamaza, msidhani imeharibika. Mama yangu yupo hapo.